Vifungo vya Shati

Mgonjwa ambaye ugwe wake wa mgongo umebanwa shingoni mara nyingi halalamiki shingo. Husema vifungo vya shati vinamshinda. Husema noti zinamponyoka akizihesabu, na kwamba juzi kandambili ilimvuka njiani, asijue mpaka alipoambiwa na mpita njia. Zahanati wanamwambia ni uzee, au baridi yabisi. Anarudi na dawa za maumivu. Nyumbani hakosi wa kumnong'oneza kuwa amerogwa. Miezi inapotelea huko.

Toleo hili linahusu kupona baada ya upasuaji wa shingo, na msimamo wangu nautaja mapema: sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa kabla mgonjwa hajalazwa. Daktari akiondoa diski au mfupa unaobana, ugwe unapata nafasi, lakini seli za neva zilizokwisha kufa hazirudi. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni dalili zimekaa muda gani, na mgonjwa ana hali gani siku anapoingia chumba cha upasuaji.

Kipimo kinachotumika sana, chenye asili yake Japani, kina alama 18 za mikono, miguu, hisi na mkojo. Alama 11 kushuka chini ni hali mbaya. Mshonaji aliyefika na alama 14 akapanda hadi 17 huenda akarudi kwenye cherehani yake. Aliyefika na 8 akapanda hadi 11 naye amepata alama tatu zile zile, na bado huenda akahitaji mtu wa kumvalisha.

Umri una uzito wake, ila mzee asinyimwe upasuaji kwa miaka yake tu. Wazee nao hupata nafuu. Sigara inadhuru. Sonona isiyotibiwa inadhuru pia, na hiyo tunaisahau mno. Mazoezi ya viungo baada ya upasuaji hayana mbadala.

Lakini narudi zahanati. Ndugu yangu tabibu, anayekwambia vifungo vinamshinda usimalizane naye kwa dawa za maumivu. Mwambie akunje na kukunjua ngumi upesi kwa sekunde 10. Mkono mzima hufikisha mara 20. Mtazame anavyotembea. Akishindwa, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo.