Sadaka Isiyovuka Mlango wa Kanisa

Anayetaka kujua imani ya usharika asiishie kusikiliza kwaya. Asubiri Jumapili ya kusomwa taarifa ya mapato na matumizi. Atasikia ujenzi, vyombo vya muziki, viti vipya, mafuta ya gari na posho za vikao. Karibu na mwisho, kabla ya "mengineyo", atasikia diakonia, na mara nyingi kiasi kitakachotajwa hakifikii gharama ya chakula cha wageni waalikwa wa siku ya harambee. Kisha wazee wataipokea taarifa, tutaombewa, na sote tutaitika Amina.

Naandika kuipinga Amina hiyo.

Diakonia ni huduma ya Kanisa kwa mwenye shida: kituo cha watoto wenye ulemavu, zahanati ya kijijini, mama mjane anayelipiwa mtaji wa genge, mzee asiye na mtu anayepelekewa unga na sabuni. Neno hilo tunalipenda, tumeliundia idara na kamati. Tunachokosa ni kulipa gharama yake.

Tusisahau tulikotoka. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Bethel walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, watu ambao wengine waliwaogopa. Haydom ilianza kama hospitali mwaka 1955, mbali na mji wowote mkubwa. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 na kuwa KKKT, yalikuja na hospitali na shule, si na vitabu vya nyimbo pekee. Wengi wa babu zetu waliufahamu mlango wa zahanati kabla ya kuufahamu mlango wa kanisa.

Leo zipo sababu nne tunazozitoa ili tusichangie. Tuzitazame moja moja.

Ya kwanza husema kazi ya Kanisa ni Injili, na mengine ni ya ustawi wa jamii. Wanaosema hivyo hupenda Matendo ya Mitume sura ya sita, pale mitume walipokataa kuliacha Neno ili wahudumu mezani. Wasome sura hiyo mpaka mwisho wa habari. Wajane waliokuwa wakisahauliwa hawakuambiwa wakaombe. Walichaguliwa watu saba wenye Roho na hekima, mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Na mstari wa saba, mara tu baada ya hapo, unaeleza kuwa Neno la Mungu lilienea na wanafunzi wakaongezeka sana. Luka hakuona ushindani kati ya meza na mimbari.

Ya pili ni ya kwetu Walutheri hasa: hatuokolewi kwa matendo. Ni kweli, na nitaifundisha hivyo hadi nistaafu. Lakini tangu lini kuhesabiwa haki kwa imani kukawa msamaha wa kutotoa? Luther mwenyewe, katika hoja zake 95 za mwaka 1517, alilalamika kwamba fedha za watu zinakwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, akafundisha kuwa kumsaidia maskini ni bora kuliko kununua vyeti vya msamaha. Aliyekwisha kupewa wokovu bure hana tena haja ya kununua mbingu. Mikono yake imefunguliwa kwa ajili ya jirani. Akiikunja, tumwulize uhuru huo anautumia wapi.

Ya tatu husema wapo wafadhili, na ipo Serikali. Serikali ni mshirika wetu kweli. Mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii na kutiliana mkataba wa maelewano na Serikali, na hadi leo zipo hospitali zetu ambazo watumishi wake kadhaa hulipwa na umma. Lakini mshirika si mbadala. Ndoa ambayo mmoja hununua kila kitu na mwingine huleta jina tu, sote tunajua inakoishia. Kuhusu wafadhili, makanisa ya Ujerumani na nchi za Skandinavia yanapungukiwa waumini mwaka hadi mwaka. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za afya barani Afrika, zikiwamo zinazoendeshwa na mashirika ya dini, ziliyumba ndani ya wiki chache. Mtoto asiyeweza kutembea hapaswi kulala njaa kwa sababu bunge la nchi nyingine limebadili mawazo.

Tena tusiseme sisi ni maskini. Makanisa ya Makedonia, Paulo anavyowaeleza Wakorintho, yalikuwa katika umaskini mkubwa, nayo yaliomba yasinyimwe nafasi ya kuchangia ndugu wa Yerusalemu. Chukua usharika wa waumini 500. Kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi milioni 13. Hiyo humlipa mhudumu mmoja kila mwezi na kubakiza nauli za wagonjwa. Shilingi 500! Kadi moja ya mchango wa harusi hutudai zaidi ya hiyo mara mia moja, nasi huilipa kwa kuogopa aibu.

Ya nne ndiyo nzito: fedha zitaliwa. Siwezi kuwacheka wanaosema hivyo, maana wanayo waliyoyaona. Lakini dawa ya hofu hiyo ni ya kale. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig kule Saksonia ulianzisha hazina ya pamoja ya usharika kwa ajili ya maskini na kazi nyingine za kanisa, na Luther akaiandikia dibaji. Sanduku liliwekwa kufuli nne, funguo zikagawiwa makundi manne ya watu wa pale, asiweze mmoja kulifungua peke yake. Nasi tuweke kufuli zetu: akaunti ya diakonia iwe peke yake, watia saini wasiwe ndugu, hesabu isomwe kila robo mwaka. Mwenye wasiwasi aombe ufunguo, asikunje mkono.

Basi nasema waziwazi ninachokitaka. Kila usharika utenge sehemu ya kumi ya makusanyo yake yote kwa diakonia, na itolewe kabla ya saruji. Katibu wa diakonia akae katika kikao cha bajeti tangu mwanzo, asiitwe kutoa salamu. Vyuo vya theolojia, na ninakofundisha kukiwamo, vimpime mwanafunzi kwa ziara zake kwa wagonjwa kama vinavyompima kwa mahubiri. Misaada ya Krismasi isigeuzwe picha za kurushwa mitandaoni huku mama wa watu ameshika mfuko wa sukari akitazama chini. Wala mlango usiulizwe dini: Msamaria hakumwuliza yule majeruhi anasali wapi.

Najua zipo sharika zitakazosema jengo halijaisha. Halitaisha. Likipata paa litataka dari, likipata dari litataka vigae. Njaa ya jirani haina subira ya vigae. Na siku Bwana atakapoketi kuhukumu mataifa, kama Mathayo 25 inavyotufundisha, ataulizia chakula, maji, nguo, mgonjwa na mfungwa. Katika orodha ile hakuna mnara wa kengele.