Anayetaka kula kwa bodaboda asianze na fremu

Malipo ya kahawa yakianza kuingia, karakana yangu hapa Kagondo, wilayani Muleba, huanza kupokea fremu. Zinaletwa zimefungwa nyuma ya pikipiki nyingine, au zimelazwa juu ya mikungu ya ndizi kwenye Fuso inayotoka mnadani. Fremu tupu: haina injini, haina tenki, mara nyingi na usukani umepinda. Mwenyewe, mara nyingi kijana, anakuja na kadi ya usajili ndani ya mfuko wa nailoni na ombi ambalo nimelizoea: "Fundi waitu, niundie taratibu, spea nitakuwa naleta." Mwaka 2024, bei ya robusta ilipopanda, fremu zilikuja nyingi kuliko msimu wowote ninaoukumbuka.

Hesabu ya kijana huyu naielewa. Boxer mpya ya BM 150 inagonga milioni tatu, na TVS HLX haiko mbali nayo. Iliyotumika, inayotembea, ni vigumu kuipata chini ya milioni moja na kitu. Fremu yenye kadi anaipata kwa laki mbili au tatu, na laki tatu anazo leo mfukoni. Anajiambia kwamba kilichobaki ni subira.

Mimi ninaishi kwa kazi ya kuunda. Fremu zimesomesha watoto wangu, na kila anayeniletea fremu ananiletea riziki. Hata hivyo nasema wazi: kijana anayetaka pikipiki imlishe asianze na fremu. Atafute iliyotumika, nzima, inayotembea kwa injini yake yenyewe, hata kama siti imechanika na rangi imebabuka. Kisha atenge fedha kidogo amlipe fundi aikague kabla hajatoa hela ya kununulia.

Kwanza ni bei. Pikipiki ikitoka kiwandani nzima ina bei moja. Ukiinunua vipande vipande dukani, kila kipande kinakuja na faida ya muuzaji wake na nauli yake. Watu hupiga hesabu ya vitu vikubwa: injini, tenki, rimu mbili, matairi, shokapu, siti. Hawahesabu waya, CDI, koili, kebo ya klachi, kebo ya mafuta, beringi za magurudumu, bushi, kufuli, mpira wa breki, cheni na sproketi zake. Hawahesabu boliti. Boxer moja ina boliti na nati nyingi, za saizi mbalimbali, na fremu ikishakaa uchi mwaka mzima nyuma ya nyumba, karibu zote zimepotea au zimekufa kwa kutu. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na chuma kisichofunikwa hakidumu. Ukijumlisha yote hayo na ufundi, unafika palepale kwenye bei ya pikipiki nzima iliyotumika, na mara nyingi unaipita.

Pili ni muda, na hapa ndipo vijana wanapoumia zaidi. Spea zisizopatikana Muleba tunaagiza Bukoba, na zisizokuwepo Bukoba zinatoka Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limepunguza kero ya foleni ya kivuko, lakini halijamaliza tatizo la kijana asiye na fedha ya kuagizia. Anachukua tairi mwezi huu, shokapu mwezi ujao. Hela ya kahawa inaisha. Januari inaingia na mahitaji ya shule, mama anaumwa anapelekwa hospitali, na yale matairi mapya yaliyokuwa yananing'inia ukutani kwangu yanauzwa kwa bei ya hasara ili mambo yaende. Fremu inabaki pale pale. Miezi yote hiyo hajabeba abiria hata mmoja.

Wapo watakaoniambia, basi achukue ya mkataba, amlipe mwenye chombo kila siku mpaka iwe yake. Mkataba nao una maumivu yake: elfu kumi kila siku kwa mwaka mzima ni zaidi ya milioni tatu na nusu, na ukikosa hesabu siku kadhaa mwenye chombo anakuja na funguo ya akiba. Lakini mwenye mkataba angalau yuko kijiweni asubuhi. Mwenye fremu yuko kwangu, amekaa kwenye benchi, anasubiri kabureta.

Tatu ni karatasi, na hili wengi hulidharau. Pikipiki kisheria ni namba mbili: ya chasisi na ya injini, na zote zimeandikwa kwenye kadi ya TRA. Ya chasisi kwenye Boxer imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapopita; ya injini iko chini ubavuni, jirani na gia. Ukinunua fremu yenye kadi safi halafu ukaiwekea injini uliyoipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, namba ya pili haiko tena kwenye kadi yako. Inabidi injini iwe na uthibitisho wa ilikotoka na kumbukumbu zibadilishwe. Vijana wengi hawafanyi hivyo. Siku trafiki akiinama na kusoma namba kwa tochi, maelezo yanakuwa marefu, na pikipiki inalala kituoni. Injini ile ikiwa ni ya wizi, kesi inakuwa yako. Mpaka wa Mutukula hauko mbali nasi, na kila mtu hapa anajua kwamba kuna vyombo na injini zinazovuka mpaka bila karatasi yoyote ya forodha. Urahisi wa bei ya vitu hivyo ndio gharama yake.

Na fremu zenyewe zinatoka wapi? Nyingi zinatoka kwenye pikipiki zilizochoshwa na mzigo. Bodaboda wa huku habebi abiria tu. Anabeba mikungu minne, mitano ya ndizi, magunia ya kahawa, mbao, na anapanda nayo mlima wa Kamachumu. Chuma kinachoka sehemu mbili: shingoni, na pale nyuma shokapu zinaposhikia. Mtu akiniletea fremu, kabla ya salamu kwisha nachukua brashi ya waya na msasa nakwangua rangi sehemu hizo. Rangi ikiwa mpya hapo tu, roho inanidunda. Chini yake mara nyingi nakuta mshono wa kuchomelea, umevimba na una vitundu kama mkate, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Kisha nafunga uzi nyuma na kuuvuta mpaka mbele kuona kama mstari umenyooka. Fremu iliyopinda upana wa kidole tu itakula tairi upande mmoja, na kwenye mteremko wenye changarawe itavuta upande huo huo, ukiwa na mama mjamzito nyuma yako. Fremu ya namna hiyo nakataa kuiunda. Kuna walioondoka wakaenda kwa fundi mwingine, na siwezi kuwazuia.

Sasa, pikipiki iliyotumika nayo ina ujanja wake, sikatai. Lakini ujanja wake unaonekana, kwa sababu chombo kinaunguruma mbele yako. Nenda asubuhi, bila kumtaarifu muuzaji saa. Gusa injini kwanza: ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili isikusumbue kwenye kiki, mwambie utarudi kesho. Ikiwaka, simama nyuma ya eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi au mipira ya valvu imekwisha. Chomoa kijiti cha oili, paka kidogo kidoleni, iangalie juani. Ikimetameta chembe za chuma, injini inajila yenyewe. Ikiwa nzito inavutika kama asali, huenda wamemwaga oili ya gia ili kuzima mlio wa krenki. Dai ibadilishwe, kisha uisikilize tena. Tikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto. Soma zile namba mbili wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, ukiwa na kadi mkononi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Kama si lake, mwenye jina aletwe. Andikishianeni kwa maandishi mbele ya mashahidi, na umiliki ubadilishwe TRA, usiachwe mpaka siku pikipiki itakapokamatwa.

Sichukii kuunda. Hakuna kazi ninayoipenda kuliko kuona chuma kilichotupwa kikiunguruma. Kuna mwenye pikipiki yake iliyopata ajali, injini nzima na kadi yake. Huyo akipata fremu safi ana sababu, mradi namba ya fremu mpya nayo irekebishwe kwenye kumbukumbu. Kuna mwalimu mwenye mshahara ambaye hana haraka. Kuna kijana wa VETA anayejifunza, ambaye fremu ni daftari lake. Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, vijana walichukua injini ya Triumph wakaiweka kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton, na mpaka leo watu wanazienzi. Walitaka mwendo kasi na fahari. Hapa Kagondo tunazungumzia mtu ambaye jioni ataulizwa unga uko wapi.

Ndiyo maana neno langu la mwisho ni kwa wanaotoa fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024, na kila mara vijana wanapokaa kupanga mradi, bodaboda inatajwa. Kikundi kikiomba, mawazo yote huenda kwenye pikipiki mpya. Fedha ikitosha mbili, watu watano wanabaki wakigombania zamu. VICOBA nazo hukopesha laki tatu tatu, na laki tatu ndiyo bei ya fremu. Kwa hiyo mkopo mdogo unamsukuma kijana kwenye njia ndefu kuliko zote.

Kamati za mikopo ziruhusu pikipiki iliyotumika, kwa masharti mawili: ikaguliwe na fundi asiye na uhusiano na muuzaji, atakayesaini kwamba akibainika kudanganya atawajibika, na fedha isiende kwa muuzaji mpaka umiliki uwe umebadilishwa. VICOBA nazo, badala ya kumpa kila mmoja laki tatu ya kwenda kununulia chuma, zikusanye mikopo minne kwa zamu, kijana mmoja apate chombo kizima aanze kurejesha wiki ileile. Ukaguzi ni kazi ya saa mbili. Mafundi wa hapa Muleba tunaweza kukubaliana bei moja ya ukaguzi huo, ibandikwe ukutani kila karakana, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuibandika.