Nzi wa Manyoya na Ujira wa Binti



Tumepokea swali la mama mmoja aishiye Kenya. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani muda mrefu bila shughuli, amepata kibarua katika karakana ya kufunga nzi bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki kinachoundwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo. Hulipwa kwa idadi ya nzi aliowamaliza. Shemeji wa mama huyo amemwambia kwamba kazi hiyo ni kuwahadaa viumbe wa Mwenyezi Mungu na kuwatesa kwa ajili ya mchezo wa matajiri, na kwamba fedha yake haina baraka. Binti ameacha kwenda kazini, anangoja jibu letu.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulielewa. Nzi hawa hufungwa Kenya kwa miaka mingi sasa, nao huuzwa Uingereza na nchi nyingine za baridi kwa wavuvi wa trauti na greilingi. Trauti si mgeni kabisa kwetu, kwa kuwa aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 akatiwa katika mito baridi ya milima ya Nyandarua. Greilingi hayupo Afrika. Ni samaki wa mito ya Ulaya, mwenye pezi kubwa la mgongoni mfano wa tanga, na Waingereza humvua hasa majira ya baridi, wakati uvuvi wa trauti umefungwa. Kwa hiyo binti huyu hufunga chambo cha samaki ambaye huenda asimwone maishani mwake.

Ufundi wake si wa kubezwa. Katika karne iliyopita aliishi Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Aliwatazama wadudu wachanga wakiogelea chini ya maji kabla ya kuota mbawa, akaona kwamba waogeleapo huibana miguu yao mwilini. Basi yeye hakuwatilia miguu. Alichukua nyuzi chache za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku na kware, akazizungusha kwenye ndoana pamoja na waya mwembamba wa shaba. Uzi hakuutumia kabisa: waya ndio uliofunga, na waya huohuo ndio uliompa mdudu uzito wa kuzama. Kwa ajili ya greilingi alibuni mwingine wa sufi na waya tu, kwa sababu samaki huyo ana mdomo ulioelekea chini na hupenda kula karibu na sakafu ya mto. Tulipoyasoma haya tulistaajabu jinsi mtu alivyoweza kumtazama mdudu mdogo kiasi hicho kwa makini kiasi hicho.

Ama suala la hadaa, halitaki maneno mengi. Hadaa iliyokatazwa ni ya mtu kwa mwenziwe, katika biashara, ahadi na ushahidi. Uwindaji tangu zamani ni mtego na chambo, na mawindo ya majini yamehalalishwa waziwazi katika Suratul Maida. Zaidi ya hayo, wamo katika mafakihi waliochukia kumtunga mnyoo hai kwenye ndoana kwa sababu ya maumivu yake, na nzi wa manyoya hana roho ya kuumizwa.

Suala la mchezo ndilo zito, na humu ofisini hatukuafikiana upesi. Wavuvi wengi wa Ulaya humvua samaki, wakamtazama, kisha wakamrudisha mtoni. Wengine huwa wamelazimishwa na kanuni za mto, kwa samaki mdogo au aliye katika msimu wa kuzaa, na hilo ni kuhifadhi kizazi. Lakini wapo wamrudishao kwa kuwa hawakumhitaji tangu mwanzo, walitaka burudani ya kumvuta tu. Mtume (s.a.w) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo, na sisi hatuoni namna ya kumtetea Muislamu atakayemtoboa samaki mdomo kwa kujifurahisha tu, hata akitumia ndoana isiyo na kijino cha nyuma ili jeraha liwe dogo.

Je, lawama hiyo humfikia aliyeifunga ndoana? Mafakihi wana mfano wa muuza zabibu. Akijua kwa yakini kwamba mnunuzi huyu atazikamua mvinyo, haimjuzii kumuuzia. Asipojua, biashara yake ni sahihi, maana zabibu zina matumizi ya halali. Nzi wa binti huyu huvulia samaki wa kuliwa kama avuliavyo samaki wa kurudishwa, naye hamjui mnunuzi hata mmoja. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kumharamishia ujira.

Jambo ambalo shemeji hakulitaja ndilo lililotushughulisha zaidi, nalo ni manyoya yenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, nywele na manyoya ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria ni najisi, na kuuza najisi hakusihi. Kwa Hanafi na Maliki, nywele na sufi hazinajisiki kwa kifo, na hapo pana wasaa. Manyoya ya jogoo aliyechinjwa, na sufi iliyokatwa kwa kondoo hai, hayana tatizo. Pasipojulikana asili ya unyoya, shaka peke yake haiufanyi najisi. Lakini singa na sufi ya nguruwe, ambazo kuna aina za nzi zilizofungwa kwazo, Muislamu ajiepushe nazo.

Tena wafungaji wengi wana desturi ya kulowesha vidole kwa mate ili sufi ishikamane na uzi. Binti aiache. Najisi kavu ikigusa kitu kikavu haiambukizi, ila ikipata unyevu huambukiza, na mkono huo ndio utakaoshika mkate na msahafu. Bakuli la maji na kipande cha nta vitamtosheleza.

Shemeji tunamshukuru kwa wivu wake wa dini, ila tunamwomba asiharamishe kwa kudhani. Binti na arudi kazini, amuulize msimamizi kwa adabu kama manyoya ya nguruwe yamo katika masanduku yale. Yakiwamo, aombe apewe nzi wa aina nyingine. Akikataliwa, mama atuandikie tena.

Wallahu aalam.