Mtambo wa kulainisha maji si wa nyumba nzima

BARAZA LA IJUMAA
Na Salome Masima

Nyumba mpya zinazoota Iyumbu, Nzuguni na Ilazo zina kila kitu cha kisasa: vigae hadi darini, shawa za umeme, hita za jua juu ya paa. Kinachokosekana ni mpango wowote kuhusu maji yatakayopita humo. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dodoma hutoka kwenye visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na maji hayo ni magumu. Mwenyeji hahitaji maabara kulijua hilo. Sabuni ya kipande haitoi povu mpaka uisugue kwa hasira, birika limeota ukoko mweupe, na shawa iliyokuwa ikimwaga maji vizuri sasa inatoa vimkondo vitatu, kimoja kikilenga ukuta.

Wafanyabiashara wameliona pengo hilo. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama anunue mtambo wa kulainisha maji, ule mtungi mrefu wenye ndoo ya chumvi pembeni, aufunge kwenye bomba kuu ili nyumba nzima ipate maji laini. Jibu langu ni kwamba mtambo ni mzuri na unafanya kazi, ila kuufunga kwenye bomba kuu la nyumba ya Dodoma ni kutupa fedha, chumvi na maji.

Tuanze na chokaa yenyewe. Mvua inapopenya ardhini hubeba hewa ya ukaa, na maji yenye hewa hiyo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba na udongo. Yakiwa baridi, madini hayo hutulia humo bila kuonekana. Ukiyapasha moto, hewa ya ukaa inatoka, kalsiamu inakosa wa kuishikilia, inaganda kuwa chokaa pale pale penye joto. Ndiyo sababu koili ya hita hukatika mapema huku bomba la baridi la jikoni likidumu miaka bila kuziba. Koili iliyovaa koti la chokaa haiwezi kuyapa maji joto lake, hivyo inajiunguza yenyewe, na wewe unalipia umeme wa kupasha chokaa.

Kwa hiyo adui wa mabomba yako anakaa upande wa maji ya moto. Choo hakihitaji maji laini. Bustani haihitaji, wala gari unaloosha Jumamosi. Hata hivyo ukifunga mtambo kwenye bomba kuu, hao wote watakunywa chumvi uliyoinunua.

Hebu tupige hesabu. Ugumu hupimwa kwa miligramu katika lita moja: chini ya 60 maji ni laini, juu ya 180 ni magumu sana. Tuchukue nyumba yenye maji ya miligramu 300, inayotumia lita 500 kwa siku. Hizo ni gramu 150 za ugumu kila siku. Ndani ya mtungi kuna punje ndogo za resini zinazokamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu badala yake. Mtungi wenye lita 25 za resini, kwa makadirio ya kawaida ya gramu 40 kwa lita, hubeba kilo moja hivi. Umejaa ndani ya wiki. Hapo lazima uoshwe kwa maji ya chumvi ili resini irudie nguvu zake: kilo mbili na nusu hadi nne za chumvi, na zaidi ya lita 100 za maji safi zinazokwenda mtaroni. Katika mji wenye mgao wa maji, hilo la mtaroni peke yake lingetosha kumfanya mtu afikirie mara mbili. Sasa chukua mtungi huo huo, uufunge kwenye bomba linaloingia kwenye hita tu, ambako labda zinapita lita 100 kwa siku. Utauosha mara moja kwa mwezi, na hita yako imelindwa vile vile.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni presha. Valvu za mitambo mingi inayojiosha yenyewe zinataka kama bar moja na nusu. Sisi huku tunaishi kwa simtanki juu ya mnara, na ili upate bar moja tu tanki linatakiwa kuwa mita 10 juu ya mtungi. Minara yetu mingi haifiki hata nusu yake. Maana yake utanunua na pampu. Pampu inataka umeme, na umeme ukikatika mtambo ukiwa katikati ya kujiosha, unaweza kukuta maji ya chumvi bombani asubuhi. Kwa nyumba ya kawaida napendelea mtungi wa kuosha kwa mkono. Hauna urembo, lakini fundi bomba yeyote mwenye akili anaufahamu, na hausubiri umeme.

Chumvi nayo si ya kuokota popote. Ile ya mawemawe ya bei nafuu inayovunwa pwani mara nyingine huja na mchanga na tope, na tope likiingia kwenye resini limeingia. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, iache itulie, umimine ya juu. Halafu fikiria yanakokwenda maji ya kuoshea. Sodiamu huharibu udongo, na mzabibu ulio uani hautakushukuru. Huko Santa Clarita, California, wapiga kura waliamua mwaka 2008 kwamba mitambo inayojiosha kwa chumvi iondolewe majumbani, kwa sababu chumvi yake ilikuwa ikiishia mtoni na kuwasumbua wakulima wa mabondeni. Sisi hatujafika huko, lakini shimo la maji taka na shamba la jirani haviko mbali.

Maji ya kunywa na kupikia yaacheni kama yalivyo. Maji ya miligramu 300 yakilainishwa huongezewa takriban miligramu 138 za sodiamu katika kila lita, na nyumba yenye mgonjwa wa shinikizo la damu au mtoto wa kunyonyeshwa kwa chupa haina sababu ya kuongeza hiyo. Ugumu wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo cha kiafya.

Kinachonikera zaidi ni mtambo huu kuuzwa kama dawa ya kila maji. Hauondoi chumvi. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye kisima karibu na bahari, ambacho maji yake yanakwaruza ulimi, ataununua, ataufunga, na chai yake itabaki na ladha ile ile, kwa kuwa sodiamu ndiyo hasa inayomsumbua. Hauondoi floraidi, kwa hiyo wa Arusha na Meru wasiulete nyumbani wakidhani wanaokoa meno ya watoto. Kazi hiyo ina njia zake, kama mkaa wa mifupa ambao kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikiufanyia utafiti kwa miaka mingi. Na wa Mwanza, mwenye maji ya ziwa, akiuziwa huo ameibiwa mchana kweupe: maji yake ni laini tayari.

Kwa hiyo pima kwanza. Peleka chupa kwenye maabara ya Wizara ya Maji iliyo karibu nawe. Kama huna nafasi, jaza chupa mbili, moja maji ya bomba na nyingine ya mvua, tia kila moja vipande sawa vya sabuni ya kufulia na uzitikise. Inayobaki na ukungu mweupe na povu haba ndiyo ngumu. Ukishajua hivyo, wengi wenu mtaona kwamba hata mtungi haujawa lazima. Punguza joto la hita hadi nyuzi 55, maana chokaa hushika kwa kasi joto likipanda. Kichwa cha shawa kifungue, kilaze kwenye siki usiku kucha. Tanki la hita lifunguliwe na kusafishwa kila mwaka, kabla ya baridi ya Juni, na hapo ndipo utajua kama chokaa yako inastahili mtambo au kibarua cha fundi tu.

DUWASA, mamlaka yetu ya maji, nawaomba jambo moja dogo: chapeni kiwango cha ugumu wa maji kwenye ankara ya kila mwezi, karibu na namba ya mita, ili mteja asikitegemee kinywa cha muuzaji. Nanyi mnaojenga, kabla fundi hajapiga plasta mwambieni atenganishe bomba la kwenda kwenye hita, aweke koki mbili, njia ya pembeni na mahali pa kumwagia maji ya kuoshea. Mabomba ya kazi hiyo ni ya mita chache. Ukisubiri mpaka uhamie, utalipia na kubomoa vigae.