Tufunge Vizuri Mabuti ya Ekseli

Jumamosi asubuhi ukipita mitaa ya Tabata, Kimara au Mbagala, Dar es Salaam, utaona magari yamenyanyuliwa uani na wenyewe wamelala chini yake. Hilo linanifurahisha sana. Anayelijua gari lake kwa mikono hulitunza zaidi, na siku akienda kwa fundi wanaelewana upesi.

Leo naomba tuzungumzie kitu kimoja katika kazi hiyo. Ni kidogo, na mara nyingi hufungwa mwisho, wakati jua limeshakuwa kali na mwili umechoka. Ni buti la ekseli.

Umewahi kuchungulia nyuma ya gurudumu la mbele la Vitz, IST au Passo? Utaona mpira mweusi wenye mikunjo mikunjo, umevishwa kwenye ekseli. Hilo ndilo buti. Kila ekseli ya mbele ina mawili: la nje karibu na gurudumu, la ndani karibu na gia boksi.

Ndani ya buti la nje kuna sivi jointi. Kwa kawaida ina gololi sita za chuma, nazo ndizo zinazoliwezesha gurudumu kukata kona huku likipokea nguvu ya injini bila mshtuko. Muundo huo ulibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani miaka ya 1920, na gari dogo la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, lilisaidia kuufikisha kwa watu wa kawaida. Leo karibu kila gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele linautegemea.

Gololi hizo huishi kwa grisi. Buti ndilo linaloizuia grisi isitoke, na vumbi na maji yasiingie. Kazi yake ni hiyo tu, lakini hebu tuipime. Gurudumu la gari dogo lina mzunguko wa karibu mita 1.8. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ya kilomita 190 hivi, ekseli inazunguka zaidi ya mara 100,000, na kila mzunguko grisi inasukumwa itoke nje. Je, kamba ya tyubu uliyoifunga kwa haraka itaweza kuizuia?

Hapo ndipo penye ombi langu kwenu. Wengi wetu tunanunua buti jipya na kulivisha kwa uangalifu, halafu tunalifunga kwa chochote kilichopo uani: waya, kipande cha tyubu, kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, au klipu ya hosi. Tunafanya hivyo kwa nia njema. Bendi zilizokuja na buti zimepotea, au duka halikuzitoa, na gari linahitajika kesho kazini.

Tuviangalie vifungio hivyo kimoja kimoja. Waya hukata mpira taratibu, na ncha yake iliyosokotwa hukwaruza kila inachokigusa. Tyubu huteleza ikishapata grisi. Kamba ya plastiki haibani sawasawa pale penye kichwa chake, na joto la injini na la ekzosi huilegeza. Klipu ya hosi ina nguvu, lakini skrubu yake imetokeza upande mmoja: ekseli ikienda mbio inakosa uwiano, na pengine skrubu hiyo inagonga vyuma vya jirani.

Nikubali jambo moja. Bendi ikikatika Chalinze jioni na familia iko garini, funga kamba za plastiki mbili, endesha polepole, fika nyumbani. Hiyo ni huduma ya kwanza. Asubuhi yake tafuta bendi halisi.

Bendi halisi ni ipi? Ni utepe mwembamba wa chuma uliotengenezwa kwa ajili ya buti. Aina iliyozoeleka ina sikio dogo lililoinuka, nawe unalibana kwa koleo lake mpaka utepe ushike pande zote. Usipokuwa na koleo hilo, koleo butu la kung'olea misumari linaweza kusaidia, mradi ubane kidogo kidogo usije ukalikata sikio. Aina ya pili hupitishwa kwenye kifungo, ikavutwa, kisha ikakunjwa na kugongwa. Zote mbili zinakaa chini, hazitokezi sana.

Lakini hata bendi nzuri haisaidii kama umeifunga juu ya uchafu. Nadhani hapa ndipo wengi tunapokosea bila kujua. Mdomo wa buti una sehemu yake ya kukaa: mfereji mdogo kwenye ekseli kwa upande mwembamba, na mwingine kwenye kikombe cha jointi kwa upande mpana. Futa mifereji hiyo kwa kitambaa safi mpaka iwe mikavu kabisa. Grisi ikibaki chini ya mdomo, mpira utateleza siku ya kwanza utakapokata kona kali. Na mpira usiusafishe kwa petroli, unaudhoofisha.

Jointi yenyewe uliisafisha kabla ya kutia grisi mpya? Kama buti la zamani lilikuwa limepasuka, mchanga umeshaingia, na ukifunika mchanga kwa buti jipya unaufungia ndani uendelee kusaga. Osha, kausha, tazama njia za gololi. Ukikuta vishimo, buti pekee halitoshi tena. Kama njia ni laini, tia grisi iliyokuja na buti, pakiti yote, sehemu ndani ya jointi na iliyobaki ndani ya buti. Kwa jointi ya nje huwa ni grisi nyeusi yenye molibdenamu. Ile ya kawaida ya beringi isichukue nafasi yake.

Sasa hewa. Kabla ya kubana bendi ya mwisho, iweke ekseli katika urefu wake wa kawaida, kisha ingiza kijiti laini kisicho na ncha kali chini ya mdomo mwembamba wa buti. Hewa itaingia au kutoka, mikunjo itakaa sawa. Buti lililovimba au lililojinyonya litajisugua na kupasuka mapema, hata likiwa limefungwa vizuri namna gani. Ukishabana, jaribu kulizungusha buti kwa mkono. Lisisogee.

Kwa nini nasisitiza hivi jambo la bendi za chuma? Kwa sababu grisi ikishatoka, jointi hukauka, huanza kulia ka-ka-ka ukikata kona, na mwisho inaweza kuvunjika. Ekseli ikivunjika gari halivuti tena, na hapo kuna hatari ambayo wachache wetu huifikiria. Katika gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele, gia ya P huzuia gari kupitia ekseli hizo hizo. Moja ikikatika, P haishiki tena. Ukiliacha mteremkoni ukiamini P, litaondoka lenyewe. Yakikukuta, vuta breki ya mkono na uweke jiwe chini ya gurudumu kabla hujamshusha mtu yeyote.

Na wewe uliye chini ya gari sasa hivi, limesimama juu ya nini? Jeki ni ya kunyanyulia tu. Tafadhali weka stendi imara kabla hujaingiza kichwa. Nati kubwa ya ekseli nayo ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama ni ile inayogongwa pembeni ijifunge, nunua mpya.

Kila mmoja ana sehemu yake. Ndugu zetu wenye maduka ya spea Gerezani na kwingineko, mteja akiomba buti, muulizeni kwanza: bendi unazo? Grisi unayo? Mara nyingi hajui kwamba anazihitaji, nanyi ndio walimu wake wa kwanza. Enyi mafundi wenye vijana wanaojifunza, mwacheni kijana abane bendi mwenyewe mkimwangalia, na mwelezeni sababu. Atakayoyazoea leo atayafanya kwa magari ya watu kwa miaka mingi. Madereva wa ofisi na wa teksi, mkiwa mnakagua maji na oili asubuhi, inameni kidogo mtazame nyuma ya magurudumu ya mbele.

Na nyumbani? Mama au kijana asiyegusa spana kabisa anaweza kuwa wa kwanza kuona. Michirizi ya grisi nyeusi upande wa ndani wa rimu, au madoa yaliyorushwa duara kwenye vyuma vilivyo karibu, ndiyo dalili. Mwenye kuiona aseme siku hiyo hiyo. Masika inapokaribia tuangalie mara mbili, maana gari likipita kwenye maji na buti lina mwanya, maji na tope havisubiri.

Baada ya kufunga, kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, uone kama bendi inagusa kitu. Endesha mwendo mfupi. Baada ya siku chache chungulia tena ukiwa na tochi. Grisi ya zamani na vitambaa vyake viweke kwenye kopo lenye kifuniko, visiishie mtaroni.

Koleo la kubania bendi halihitajiki kila wiki. Moja linawatosha majirani wa mtaa mzima, likikaa kwa mtu anayejulikana na kuazimwa kwa zamu. Kwenye nyumba kumi zenu, nani analo? Kama hakuna, mnaweza kuchanga mkanunua kabla ya Jumamosi ijayo?