Aitwaye Mzigo Ndiye Mdai

Imekwisha kuwa desturi, kila msimu wa bajeti uwadiapo Dodoma na ile kanuni ya mafao ambayo watumishi wameizoea kwa jina la kikokotoo ikarudi kuzungumzwa, kuwasikia watu wenye elimu na nafasi njema wakitamka, kwa sauti ya mtu aionaye mali ya umma ikiteketea, kwamba pensheni ya mtumishi wa serikali ni ukarimu uliopita kiasi. Kwamba mkulima wa mihogo na mchuuzi wa samaki, wasio na pensheni yoyote, hutozwa kodi ili mwalimu na muuguzi wakae barazani wakilishwa bure. Na kwamba mifuko ya hifadhi ya jamii ikiyumba, kilichoiyumbisha ni tamaa ya wastaafu. Dhana hii imeenea hata baadhi ya watumishi wenyewe huyadai mafao yao kwa haya, kana kwamba wameunyosha mkono mlangoni pa tajiri. Mimi naiita dhana batili, tena yenye madhara, kwa sababu humgeuza mdai kuwa mwombaji, na humfutia lawama mdaiwa asiyelipa.

Na tuanze na asili ya fedha yenyewe. Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara: mtumishi hukatwa 5 na mwajiri hutia 15, na hizo 15 ndizo zinazotajwa kuwa ukarimu. Lakini mwajiri hazitoi kwa huruma. Anapomwandikia kijana barua ya kumpeleka kufundisha Kibondo au kuzalisha akina mama Liwale, kwa mshahara ambao kijana mwenyewe anajua kuwa haumtoshi, humwahidi katika barua hiyo hiyo ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Na kijana, kwa kuyategemea maneno hayo, hukubali kidogo cha leo kwa ajili ya kile cha kesho. Maadamu kazi imepokewa kwa sharti hilo, sehemu iliyowekwa kesho ni ujira sawasawa na ile inayolipwa mwisho wa mwezi, na aliyekwisha kuipokea kazi yote hana ruhusa, kwa sheria wala kwa insafu, kuuita ujira huo hisani siku ya kuulipa inapofika.

Tazama basi kiasi cha huo unaoitwa ukarimu. Mchukue mwalimu aliyefundisha miaka 35, yaani miezi 420, ambaye wastani wa mshahara wake unaotumika katika hesabu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, iliyoigawa miezi hiyo kwa 540, ikazidisha kwa mshahara wa mwaka, kisha kwa 15.5, na kutoa nusu kwa mkupuo, angeondoka na shilingi milioni 72 na ushei, na pensheni ya 389,000 hivi kila mwezi. Kanuni za mwaka 2018 zilipoutaka mkupuo uwe asilimia 25, manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais John Magufuli, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akazisitisha. Ikaja kanuni ya Julai 2022, inayogawa kwa 580, kuzidisha kwa 12.5 na kutoa asilimia 33, na mwalimu yule yule, kwa miaka ile ile ya kazi, mkupuo wake ukashuka hadi milioni 35 na laki nane, pensheni yake ikawa 485,000. Mwaka 2024 mkupuo wa kundi lake, yaani la waliokuwa wakipewa nusu kwa kanuni ya zamani, ulipandishwa hadi asilimia 40. Sasa huchukua milioni 43 na ushei, na kila mwezi 434,000. Yaani mtu aliyewafundisha kusoma wazazi na kisha watoto wao hupewa kwa mara moja mshahara wa miaka mitatu na nusu, ambao aghalabu ndio unaoiezeka nyumba aliyoshindwa kuimaliza alipokuwa kazini, na baada ya hapo huishi kwa chini ya nusu ya kile ambacho hakikumtosha tangu awali. Anayeuona huo kuwa utajiri, na ajaribu kuutumia kulisha familia mwezi mmoja.

Lakini pengo la mifuko, huuliza wenye dhana hii, limetoka wapi? Jawabu lake limo katika kumbukumbu za serikali yenyewe. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia mfuko wowote. Pensheni yao ilikuwa dhima ya Hazina. Sheria ya mwaka 1999 ilipounda PSPF, ilihesabu na miaka yao ya nyuma, jambo la haki kabisa, kwani kazi ya miaka hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa. Illa fedha za kuilipia miaka hiyo hazikuingizwa mfukoni ipasavyo, na mfuko ukalazimika kuwalipa wazee kwa michango ya vijana. Juu ya hayo, mifuko ikaombwa kukopesha miradi ya serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa mfano ujulikanao, na marejesho yake yakasuasua. Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliipa PSSSF hati fungani maalum isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kwa ajili ya deni hilo la kabla ya 1999. Nalisifu tendo hilo, na nalishika kuwa ushahidi: hakuna mtu atoaye hati ya deni kwa mwombaji sadaka. Iliyoandikwa humo ni taksiri ya mwajiri, wala si tamaa ya mwalimu.

Mizizi ya dhana hii ni ya kale kuliko mifuko yetu. Serikali za kikoloni zilitunga sheria za pensheni ambazo zilimnyima mtumishi haki kamili ya kuidai, na zikaiacha mikononi mwa mkubwa atoaye apendapo. Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189, imeibeba kauli hiyo hadi baada ya uhuru. Walakini wakoloni wenyewe hawakuiamini ilipowahusu watu wao. Mwaka 1968, Tanzania ilipotangaza kwamba haitaendelea kuwalipa maofisa wa Kiingereza pensheni ya utumishi wao wa kabla ya uhuru, kwa hoja kwamba aliyewaajiri ndiye awalipe, Uingereza ilikasirika hata ikakata misaada yake. Pande mbili hizo zilishindana juu ya nani anadaiwa; hata upande mmoja haukusema kwamba hakuna deni. Ikiwa pensheni ya bwana shauri ilistahili kuvunja urafiki wa mataifa, sembuse ya muuguzi wa zahanati ya kijijini kustahili walau kuitwa kwa jina lake?

Nasi tumekwisha kuona mwisho wa kuichukulia haki hii kwa wepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na vyeti vya utumishi mikononi na hakuna wa kuwalipa. Mapatano ya mwaka 1984 yaligawa mali na madeni baina ya nchi tatu, na kila nchi ikachukua dhima ya watu wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walingoja hadi mwaka 2005 ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa, na baada yake wengi waliendelea kudai kwamba wamepunjwa. Baina ya 1977 na 2005 ni miaka 28, na mtu aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipokufa alikuwa na 78, kama alikuwa hai. Fundi wa karakana ya reli hakufanya kosa lolote ila kumwamini mwajiri wake.

Yabaki hoja ya mkulima, ambayo ndiyo yenye uzito, na siikwepi. Ni kweli kwamba walio wengi katika nchi hii huzeeka bila pensheni, na ni aibu yetu sote. Lakini kumpunguzia muuguzi hakumwongezei mkulima hata senti. Huwafanya wazee wawili kuwa maskini mahali pa mmoja. Zanzibar ilionyesha njia nyingine Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Kiasi kilikuwa kidogo, ila msingi ulikuwa sahihi. Tena wenye kumlilia mkulima wangepata kusadikiwa zaidi kama wangeanza na mbunge, ambaye kila baada ya miaka mitano hupokea kiinua mgongo chake, wala hatungojei afundishe miaka 35.

Sisemi kwamba kanuni isiguswe milele. Yamkini kizidishi cha 15.5 kilizidi nguvu ya michango, na watumishi ni watu wenye akili ambao wakionyeshwa hesabu za kweli watakubali masharti mapya kwa miaka ijayo. Nisichokikubali ni kubadilisha bei ya kazi iliyokwisha kufanywa, na kumfikia mtu wa miaka 59 kwa kanuni ambayo hakuijua alipokuwa na 25. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walikwisha kusema: waajiri wapeleke michango kwa wakati, na atakayechelewesha atozwe bila kujali ni wizara au halmashauri; serikali iimalize ile sehemu ya deni la kabla ya 1999 iliyosalia, na irejeshe ilichokopa; na wawakilishi wa watumishi wazione hesabu za tathmini ya mfuko kabla kanuni haijabadilishwa. Mpaka hayo yatimie, mwenye kumwita mstaafu mzigo anamtukana mtu anayemdai.