Kilomita Chache Zisikudanganye

Mama mpendwa, baba watoto au kijana wako akitamani Subaru Impreza ya turbo iliyotumika Japani, msiamini kilomita za kwenye dashibodi pekee. Wapo wanaozirudisha nyuma, na akiba ya nyumba ikapotea.

Kwanza, ombeni cheti cha kusafirisha gari nje kilichotolewa Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita zake huandikwa. Cheti kikisema 130,000 na dashibodi 68,000, ondokeni.

Pili, tazameni usukani, kiti cha dereva na pedali ya breki. Vikiwa vimechakaa sana, gari limetembea sana.

Tatu, ulizeni mkanda wa taimingi. Impreza nyingi za zamani huhitaji mkanda mpya zifikapo kilomita 100,000. Ukikatika, injini huharibika.

Gari la kilomita 140,000 lenye kumbukumbu za matengenezo ni afadhali kuliko la 60,000 lisilo na karatasi. Msilipe kabla fundi wenu, si wa muuzaji, hajalikagua.